Makopo yako mezani: zana nne za bure za mtaalamu wa lishe, na mahali kila moja inapokwama

Mteja akiulizwa anatumia dawa gani, hataji saplimenti. Kwake hizo ni "vitamini tu", au "vidonge vya nywele", au "unga wa gym". Swali linalozaa matunda ni hili: kuna kitu kingine unachomeza, unachokoroga au unachochemsha? Likijibiwa, aambiwe arudi na kopo lenyewe, si picha ya upande wa mbele. Ugumu unaanza kopo likishafika mezani, kwa sababu hapo mtaalamu anatakiwa aseme endelea, punguza au acha, na wengi husita.

Kusita huko kuna chanzo. Mafunzo ya lishe katika ukanda huu yamejengwa juu ya upungufu: utapiamlo mkali, kunyonyesha, upungufu wa damu, matone ya vitamini A ya IU (kizio cha kimataifa cha kupimia vitamini) 100,000 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 11 na IU 200,000 kuanzia mwaka mmoja. Ni mafunzo mazuri, nayo yanaokoa maisha. Ila kopo lililoingia kwa mzigo wa Dubai lenye viambato 23 ni somo jingine. Na tusidhani wenzetu wa Marekani wamelimaliza. Kule, tangu tarehe 1 Januari 2024, huwezi kukalia mtihani wa usajili bila shahada ya uzamili, na mafunzo ya vitendo ni angalau saa 1,000. Baada ya hapo mtaalamu hukusanya pointi 75 za kujiendeleza kila miaka 5, ila mada nyingi anajichagulia, hivyo mtu anaweza kumaliza mzunguko mzima bila kugusa saplimenti hata siku moja. Wakati huohuo muuzaji wa mtandao wa biashara, aliyehudhuria semina ya Jumamosi moja, anajibu kila swali bila kupepesa macho.

Tumezipima zana nne kwa wateja watatu wa kubuni, ila wa aina inayojulikana kwenye kliniki za hapa: mjamzito anayetumia ARV na aliyejinunulia kalsiamu, mama wa miaka 55 mwenye kisukari, miguu inakufa ganzi, anameza vidonge vya nywele, vidonge vya neva na unga wa mlonge, na kijana wa gym mwenye kreatini, unga wa kuongeza nguvu za misuli, na kopo la kuyeyusha mafuta. Kigezo ni kimoja: je, zana inampa mtaalamu jibu analoweza kulitia sahihi kwenye faili?

Ya kwanza, na iliyo bora kwa jumla, ni kurasa za maelezo za Ofisi ya Saplimenti ya taasisi za afya za Marekani, inayofahamika kama ODS. Ofisi hiyo ni mtoto wa sheria ya saplimenti ya mwaka 1994. Kila kirutubishi kina ukurasa wake, tena kwa matoleo tofauti: la mwananchi na la mtaalamu. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, maana ukitafuta kwenye simu unaweza kuangukia toleo la mwananchi, ambalo limepunguzwa mno. Hakikisha juu ya ukurasa umechagua la mtaalamu. Kurasa zenyewe ni maandishi matupu karibu yote, hazili bando, na mpangilio haubadiliki: mahitaji kwa umri, vyanzo vya chakula, dalili za upungufu, walio hatarini, madhara ya kuzidisha, na mwingiliano na dawa. Ukishasoma tatu, ya nne unajua pa kushuka moja kwa moja.

Nguvu ya ODS ni dozi. Lakini dozi ina mitego miwili ambayo ukurasa hautakuonyesha usipoijua.

Wa kwanza ni chumvi dhidi ya madini yenyewe. Lebo ya Marekani huandika kiasi cha madini halisi. Vidonge vingi vya maduka ya dawa ya kwetu huandika uzito wa chumvi. Ferasi salfeti iliyokaushwa ya miligramu 200 ina madini ya chuma kama miligramu 65. Ferasi fumareti ya miligramu 200 nayo ni karibu 65. Ferasi glukoneti ya miligramu 300 ni 35 tu. Kalsiamu kaboneti ni asilimia 40 kalsiamu, sitreti ni 21, kwa hiyo kidonge cha kaboneti cha miligramu 1,250 kinatoa 500. Anayesoma "200" kama madini ya chuma atamtisha mama bure, na anayesoma "1,250" kama kalsiamu atadhani mteja amepata zaidi ya mara mbili ya alichopata.

Mtego wa pili ni ule mstari wa kiwango cha juu kisichodhuru. Kwa madini ya chuma, jedwali linasema miligramu 45 kwa siku kwa mtu mzima. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito ameze miligramu 30 hadi 60 kila siku, pamoja na asidi ya foliki mikrogramu 400. Mtaalamu asiyejiamini anaona 60 imevuka 45, anamwambia mama apumzishe vidonge. Hilo ni kosa kubwa. Ile 45 imewekwa kwa sababu ya tumbo kuvurugika kwa watu wenye afya wanaojimezea wenyewe, si kikomo cha tiba inayosimamiwa na kliniki. ODS inalieleza jambo hili, ila kwenye aya, si kwenye jedwali, na jedwali ndilo linalopigwa picha na kusambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp.

Twende kwa mjamzito wetu. Anameza TLD, kidonge cha ARV ambacho ndani yake mna dolutegravir. Dawa hiyo hushikwa tumboni na madini kama kalsiamu, chuma, magnesiamu, alumini na zinki, kisha kinachoingia kwenye damu hupungua. Ukifungua ukurasa wa kalsiamu wa ODS, dolutegravir imetajwa vizuri. Ukifungua wa madini ya chuma, unakuta levodopa, levothyroxine na dawa za kupunguza asidi ya tumbo, basi. Mtaalamu aliyesoma ule wa chuma peke yake ataondoka akiamini hakuna tatizo. Hatuwezi kuilaumu sana ofisi ya Marekani kwa kuandikia wagonjwa wa Marekani, ila kwa msomaji wa Kisumu au Mbeya pengo hilo ni la moja kwa moja.

Pengo hilo linazibwa na zana ya pili, tovuti ya mwingiliano wa dawa za VVU ya Chuo Kikuu cha Liverpool. Unachagua ARV upande mmoja, saplimenti au dawa nyingine upande wa pili, unapata rangi. Kijani, hakuna shida; njano, mwingiliano dhaifu; kahawia-chungwa, uwezekano upo, rekebisha muda au dozi; nyekundu, visichanganywe. Usiishie kwenye rangi. Bonyeza maelezo, maana ndiko ratiba iliko. Kwa dolutegravir kanuni ni hii: pamoja na kalsiamu au chuma inaweza kumezwa kwa wakati mmoja iwapo ni pamoja na chakula; tumbo likiwa tupu, imezwe saa 2 kabla au saa 6 baada ya madini hayo. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini hazina msamaha wa chakula, ni saa 2 kabla au saa 6 baada siku zote.

Kivitendo, mtaalamu asiguse muda wa ARV. Hiyo ni kazi ya kliniki ya tiba na matunzo, na mama ameshauzoea. Kinachosogezwa ni makopo. Kama TLD anameza saa 3 usiku, basi chuma na foliki saa 1 asubuhi, chai isubiri angalau saa nzima baada ya hapo, kalsiamu na chakula cha mchana saa 7. Kalsiamu na chuma zimeachana, na kutoka saa 7 mchana hadi saa 3 usiku ni saa 8. Kalsiamu isizidi miligramu 500 kwa mkupuo, kwa sababu utumbo hunyonya vizuri dozi ndogo. Kama kliniki imeagiza zaidi, igawanywe. Ratiba iandikwe kwa saa za Kiswahili kwenye karatasi. Karatasi yenye "1:00 pm" imewahi kusomwa saa moja jioni mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri.

Kuna jambo zana zote nne hazikulikamata, nalo ni la kwetu kabisa. Mjamzito asiye na VVU katika maeneo ya malaria hupewa vidonge vya SP vya kuzuia malaria. Asidi ya foliki ya miligramu 5 kwa siku, au zaidi, huidhoofisha SP, na Shirika la Afya Duniani limeonya visitolewe pamoja. Foliki ya mikrogramu 400, yaani miligramu 0.4, haina neno. Sasa tazama rafu ya duka la dawa: kidonge cha foliki kilichozoeleka ni kile cha miligramu 5, mara 12 na nusu ya 0.4. Mama akiambiwa "nunua foliki" bila kutajiwa namba, hicho ndicho atakachopewa. Ukurasa wa foleti wa ODS unazungumzia methotrexate, dawa za kifafa na sulfasalazine, SP haimo. (Wale wanaotumia cotrimoxazole ya kinga hawapewi SP tangu mwanzo, hivyo kwa mjamzito wetu wa TLD anayemeza cotrimoxazole swali hili halizuki.)

Mama wa miaka 55 ndiye aliyetufurahisha, kwa maana ya kitaalamu, kwa sababu ganzi yake ina angalau baba watatu. Kisukari chenyewe kinaharibu neva. Metformin, dawa ya kisukari, ikitumika miaka mingi, inapunguza vitamini B12, na upungufu wa B12 unaleta ganzi. Halafu vile vidonge vya neva alivyonunua kwa ajili ya ganzi hiyohiyo huwa na B6 ya miligramu 100 au 200 kwa kidonge, na B6 ikizidi kwa muda mrefu nayo inaharibu neva za miguu na mikono. Mtu anaongeza dozi ya kitu kinachomletea ugonjwa.

ODS inamsaidia mtaalamu nusu njia. Ukurasa wa B12 unaitaja metformin waziwazi. Ukurasa wa B6 unaeleza neva kuharibika. Ila kiwango cha juu kwenye jedwali ni cha Marekani, miligramu 100 kwa siku, wakati mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishusha chake mwaka 2023 hadi miligramu 12. Tofauti ya mara nane na zaidi si ya kupuuzwa. Ushauri wetu: kwa mteja mwenye ganzi, tumia namba ya Ulaya, simamisha B6 ya kujinunulia, mwandikie daktari barua aombe kipimo cha B12. Usimwanzishie B12 kabla damu haijachukuliwa, maana utafuta ushahidi.

Vidonge vya nywele navyo vina lao. Biotini ya mikrogramu 10,000 ni zaidi ya mara 300 ya mikrogramu 30 zinazotosha mtu mzima. Haimpi sumu. Inavuruga maabara. Mashine nyingi za kupima homoni hutumia biotini ndani ya kipimo chenyewe, kwa hiyo iliyojaa kwenye damu inadanganya majibu: homoni za tezi ya shingo zinaweza kuonekana juu na TSH, homoni inayoiamrisha tezi hiyo, chini, kana kwamba tezi imechacharika, na troponini ya moyo inaweza kuonekana chini wakati moyo umeumia. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo juu ya hili mwaka 2017. Kwa kipimo cha tezi, biotini iachwe angalau siku 2 kabla. Ukurasa wa ODS unalieleza vizuri, na hapa tunaupa maksi zote.

Unga wa mlonge haumo ODS. Unahamia zana ya tatu, About Herbs, ya hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering ya New York. Utafute kwa jina la kisayansi, Moringa oleifera, vivyo hivyo habasoda kwa Nigella sativa. Kila mmea una toleo la mgonjwa na la mtaalamu, na faida yake kubwa ni kwamba inatenganisha kilichoonekana kwa panya na kilichoonekana kwa binadamu, kitu ambacho lebo za mlonge hazifanyi kamwe. Mteja wetu anatumia dawa ya kushusha sukari, hivyo jibu la busara ni kijiko kilekile kila siku bila kuongeza, na kupima sukari mara nyingi zaidi wiki mbili za mwanzo. Udhaifu: About Herbs imeandikwa kwa kumkodolea macho mgonjwa wa saratani, na mchanganyiko wa mizizi saba kwenye chupa ya maji isiyo na lebo hautaukuta humo wala kwingineko. Kwa chupa kama hiyo andika "viambato havijulikani" kwenye faili, shauri iachwe, na usione haya kusema hivyo.

Zana ya nne ni LiverTox, ya taasisi hizohizo za afya za Marekani, kwa ajili ya ini. Tafuta kwa jina la kiambato, si la kopo. Kila kiambato kina daraja kutoka A, chanzo kinachojulikana sana cha kuumiza ini, hadi E, haielekei kabisa. Kijana wetu wa gym ana kopo la kuyeyusha mafuta, na kiambato cha pili kwenye lebo ni dondoo la chai ya kijani. Daraja lake ni A. Mteja atacheka: chai? Mweleze kwamba kikombe cha chai si dondoo lililokamuliwa likakaushwa kwenye kapsuli. Wataalamu wa Ulaya mwaka 2018 waliona vimeng'enya vya ini hupanda kwa wanaotumia saplimenti zenye EGCG, kemikali kuu ya chai hiyo, kuanzia miligramu 800 kwa siku.

Shida ni kwamba huwezi kuhesabu. Sheria ya Marekani inaruhusu kampuni iandike "mchanganyiko wetu maalumu, miligramu 1,850" na kuorodhesha viambato kwa kufuata uzito bila kutaja kila kimoja ni kiasi gani. Hakuna tovuti itakayokufungulia fumbo hilo, hata ile hazina ya lebo ya ODS yenye lebo zaidi ya 200,000, kwa sababu nayo inanakili kilichoandikwa kwenye kopo. Kopo la namna hii, jibu ni hapana.

Kreatini ni hadithi nyingine. Gramu 3 hadi 5 kwa siku zinatosha. Ile wiki ya kupakia gramu 20 inaharakisha tu, na wengine huharisha. Taasisi ya Michezo ya Australia imeiweka kundi A, la vitu vyenye ushahidi mzuri. Kinachoharibika ni vipimo: kreatinini ya damu hupanda kidogo, daktari asiyejua anaandika figo zinafeli. Iandikwe kwenye fomu ya maabara.

Iwapo kijana huyo anakimbia mashindano, mambo yanabadilika. Mwanariadha anawajibika kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwake, awe alijua au hakujua, na Kenya imelipia somo hilo mara nyingi. Hapo mtaalamu atafute alama ya Informed Sport au NSF Certified for Sport, kisha aingize namba ya toleo iliyopigwa chini ya kopo, isomane na iliyo kwenye tovuti ya alama hiyo. Jina la bidhaa peke yake halitoshi. Na alama hiyo inathibitisha usafi, haithibitishi kwamba kitu kinafanya kazi.

Hilo linatufikisha kwenye shimo la pamoja. Chini ya sheria ya 1994, saplimenti ya Marekani huingia sokoni bila FDA kuikagua kwanza. Vidonge vya kupunguza uzito vimekutwa na sibutramine, dawa iliyoondolewa sokoni kule mwaka 2010. Vya nguvu za kiume vimekutwa na sildenafil. FDA huchapisha majina yake, na inafaa kuyapitia kabla ya kumjibu mteja mwenye presha. Kwa Tanzania, kopo linalojinadi kwa jina la TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, liulizwe maswali: mamlaka hiyo iligeuka TMDA, ya dawa na vifaa tiba, mwaka 2019 na masuala ya chakula yakahamia TBS, shirika la viwango. Kwa Kenya, mshauri mwenyewe naye anakaguliwa: sheria ya 2007 iliunda KNDI, taasisi inayosajili wataalamu wa lishe, na mtu anayejiita mtaalamu wa lishe huku akiuza kopo analolishauri aulizwe namba yake ya usajili.

Ipo pia NatMed Pro, zamani Natural Medicines, ya kulipia, inayopanga ufanisi na usalama kwa madaraja na kukagua mwingiliano wa saplimenti kadhaa kwa pamoja. Ni nzuri. Hospitali kubwa ilipie. Mtaalamu wa kituo cha afya asikope kwa ajili yake.

Maksi zetu kati ya 10: ODS 8, ingekuwa 9 kama ukurasa wa chuma ungeitaja dolutegravir. Liverpool 9 kwa wateja wa VVU, na kwa wengine haihusiki. LiverTox 7, ni ngumu kusoma kwa asiye daktari, lakini daraja la herufi linatosha kuanzia. About Herbs 6. Hakuna hata moja yenye Kiswahili, kwa hiyo tafsiri ni juu ya mtaalamu. Mstari wa faili uwe hivi: jina la kopo, kiambato, madini halisi kwa kidonge, idadi kwa siku, saa ya kumeza, namba ya toleo, dawa zinazogongana nacho, ulichoshauri, na tarehe uliyosoma ukurasa, kwa sababu kurasa hizi husasishwa na jibu la mwaka jana linaweza kuwa limeshafutwa.